Buluu ya Tuungane

"Hakuna kitu duniani kisichochanganyika, Mzee Velji," alisema Yahaya, viwiko vyake juu ya kaunta ya studio ya picha. "Kinataka kukorogwa tu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu Juni, mwaka sabini na tano, pale Kanyenye mjini. Mzee Velji alikuwa anapima chumvi ya kusafishia picha kwenye mizani ndogo ya shaba. Hakuinua macho. Alingoja mizani itulie, akaongeza punje chache.

"Mafuta na maji?"

"Uvivu wa mkorogaji."

"Mke wangu na dada yangu?"

"Hao waweke jiko moja."

"Wako jiko moja miaka kumi na tisa," alisema Mzee Velji, akaifunga chumvi katika karatasi ya gazeti na kumkabidhi.

Yahaya huyu si mtu wa kumjua. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kidato cha nne, msaidizi katika ofisi moja ya maji, mwepesi wa ulimi na mzito wa kuamka. Baadaye alihamishiwa Mpanda, au Urambo, wanaosimulia hawakubaliani. Siku hiyo alikuwa anapeleka kijijini jaribio alilojifunza shuleni, nalo lilikuwa rahisi. Maji ya unga wa muhogo ukiyatia iodini hugeuka buluu nzito kama wino. Buluu hiyo ukiitia chumvi ya picha, inafutika, maji yanarudi kuwa meupe. Kwa hiyo ukitaka kujua kama dawa ya maji inafika kila mahali ndani ya tangi, unalitia tangi zima buluu, unamimina chumvi pale pale dawa inapoingilia, unashika saa. Panapotakata, dawa imefika. Pasipotakata, haijafika. Maji hayawezi kujieleza, basi rangi inajibu kwa niaba yao.

Treni ya Kigoma ilimteremsha kituo kidogo kabla ya Kaliua, akatembea saa moja mpaka Tuungane.

Kijiji cha Tuungane kilikuwa na watu wa aina mbili, na kila mtu alijua yeye ni wa aina gani. Walikuwapo watu wa mwanzo, waliokaa juu, karibu na ofisi na duka la ujamaa. Na walikuwapo watu wa lori, walioletwa Agosti ya mwaka uliotangulia kutoka vijiji vya porini, wakashushwa chini bondeni pamoja na vinu vyao. Paa za nyumba walizoziacha zilichomwa ili wasije wakazikumbuka sana. Kitabu cha kijiji kinasema walikuja kwa hiari yao, wakiimba.

Tangi lilijengwa kati ya juu na chini, mahali misafara ya zamani ilipokuwa ikitua kwenda Ujiji. Enzi hizo wenye mali walikunywa kisima cha juu, wapagazi wakanywa cha chini. Babu yake Mwenyekiti Twalibu ndiye aliyekuwa akigawa maji hayo, na Mwenyekiti alipenda kulitaja jambo hilo kwa wageni kama uthibitisho kwamba ukoo wake una uzoefu.

Maji ya tangi yalianza kutoka Aprili. Kufikia Juni, watoto saba wa mabomba ya chini walikuwa wamezikwa. Watoto wa mabomba ya juu waliharisha siku mbili tatu, wakarudi kucheza. Paskazia, muuguzi wa zahanati, aliandika barua mjini, kisha akaandika nyingine, kisha akaacha salamu akaandika idadi tu. Ndipo Yahaya akatumwa.

Uji wa muhogo ulipikwa na wanawake wa chini, maana ndio walioambiwa. Aliyekuwa anakoroga sufuria kubwa aliitwa Batuli, na mgongoni alikuwa na mtoto wake Selemani ndani ya mbeleko ya kitambaa chenye maua mekundu.

"Mdogo wangu," Batuli alimwuliza Yahaya, "tangi nalo linaumwa? Linapewa uji?"

"Linaharisha, dada."

"Basi lisipewe maji ya hapa."

Wanawake walicheka kidogo, kicheko cha watu ambao wangependelea kulala. Selemani hakucheka. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba mama yake alipoinama alipeleka mkono nyuma kuhakikisha bado yupo.

Mabomba yalifungwa. Yahaya alimimina uji uliopoa, akamimina chupa nane za iodini, na tangi lote, ambalo lilikuwa na ukubwa wa darasa na halijaezekwa bado, likawa buluu mpaka ukutani. Kisha akamimina chumvi ya Mzee Velji kwenye bomba la kuingizia, upande wa juu, akaangalia saa.

Dakika ya tatu upande wa juu ulikuwa mweupe. Dakika ya tisa katikati pakawa peupe. Dakika ya kumi na tano tangi lote lilikuwa jeupe isipokuwa pembe moja, ile ya bondeni, ambako bomba la watu wa lori lilichukulia maji. Hapo buluu ilisimama, na mpaka wake ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Yahaya alisubiri. Alisubiri mpaka jua likageukia upande wa pili wa kofia yake.

"Ndugu Yahaya," aliuliza Mwenyekiti Twalibu, "yamechanganyika?"

"Bado pembe moja."

"Pembe tatu tayari?"

"Tatu tayari."

"Basi walio wengi wameshakubali. Hiyo moja itaelimishwa."

Fundi wa tangi, Limbu, Msukuma mwenye mabega ya kubebea mifuko miwili ya saruji, alichota ndoo moja ya buluu, akazunguka nayo ukingoni, akaimwaga upande wa juu, penye maji meupe. Buluu ilizama mpaka chini, ikatulia kidogo kama mtu anayeulizia njia, kisha ikatembea sakafuni mwa tangi kurudi pembeni kwake. Ilichukua dakika nne. Yahaya aliandika: dakika nne.

"Inapajua kwao," alisema Limbu, akasuuza ndoo.

Kesho yake Mwenyekiti alipiga la mgambo. Watu walikuja na miti mirefu, wakapangwa kwa mashina, kila balozi wa nyumba kumi na watu wake. Mashina ya juu yalisimama ukingo wa juu. Mashina ya chini yalisimama ukingo wa chini. Hivyo ndivyo orodha ya kazi ilivyokuwa kwa mambo yote, kulima, kufyeka barabara, kuzika, na hakuna aliyeona sababu ya kuandika orodha nyingine kwa ajili ya kukoroga. Wa juu waliimba wimbo wao, wa chini wakaimba wao. Maji yalianza kuzunguka. Yalizunguka vizuri sana, kwa duru mbili, moja ya juu na moja ya chini, zimepeana mgongo kama wanandoa walionuniana. Walikoroga tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Ya juu ilikoroga weupe. Ya chini ilikoroga buluu.

Yahaya alipozitazama duru zile alikumbuka alivyomwambia Mzee Velji, akajisikia joto masikioni.

"Mwenyekiti, wachanganye watu," alisema. "Mmoja wa juu, mmoja wa chini, hivyo hivyo mpaka tangi lizungukwe. Waimbe wimbo mmoja."

Mwenyekiti alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, na vikao vinne vilikuwa vinamngoja.

"Orodha imeshapigwa chapa," alisema.

Jioni hiyo walifungua koki na kulimwaga tangi. Maji yalikwenda bondeni yakaisha. Buluu ilibaki. Ilibaki imesimama pembeni bila maji, urefu wa kifua cha mtu, kama mitumba ya kaniki ambayo mpagazi ameitua akaenda kujisaidia. Limbu aliingia ndani, akaigusa, akasema ina baridi. Walipolijaza tangi upya, maji yaliizunguka kwa adabu.

Siku ya tatu Yahaya alimkuta Batuli akimngoja nje ya nyumba ya wageni, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Shida yenyewe ni nini, mdogo wangu? Nieleze kama mtu asiyesoma, maana ndivyo nilivyo."

Yahaya alimweleza. Dawa inaingilia juu. Maji ya pembe ya chini hayatembei, yanajizungukia yenyewe. Bomba lenu linachukua humo. Mnakunywa maji yasiyofikiwa na dawa.

"Na tiba yake?"

"Limbu anasema kulihamisha bomba lenu kutoka pembeni mpaka katikati ni kazi ya siku mbili."

"Siku mbili." Batuli alilitazama tangi, kisha akatazama vidole vyake kana kwamba siku zenyewe ziko hapo. "Na kwa nini halihamishwi?"

"Lazima niandike kwanza. Nikiandika kwamba hayajachanganyika, ofisi inazuia tangi lisifunguliwe rasmi, bomba linahamishwa. Nikiandika yamechanganyika, basi, yamechanganyika."

"Wa kwanza nilimzika Mei," alisema Batuli. "Kaburi lake liko la tatu kutoka njiani. Huyu ndiye aliyebaki." Alimpandisha Selemani mgongoni, akaikaza mbeleko. "Sikuombi kitu kikubwa. Andika ulichokiona."

"Dada, nitaandika. Haki ya Mungu."

"Usiape sana. Andika tu."

Kuanzia siku hiyo buluu ilianza kutoka tangini. Haikutoka kwa fujo. Asubuhi ya Jumamosi ilionekana kwenye foleni ya duka la ujamaa, siku sukari ilipofika. Watu wa mwanzo walikuwa mbele na watu wa lori nyuma, kama kawaida, na kati ya mtu wa mwisho wa juu na mtu wa kwanza wa chini buluu ilisimama, upana wa mlango. Muuzaji aliihesabu kama mtu mmoja. Ilipofika zamu yake sukari ikawa imekwisha, akafunga dirisha.

Jumapili ilikuwa kwenye mkutano wa kijiji, imekaa kwenye nafasi iliyoachwa katikati ya mabenchi. Mtu mmoja wa juu alinyoosha mkono akauliza kama ina haki ya kupiga kura. Mwenyekiti alijibu kwamba wakazi wote ni sawa. Jumatatu ilikuwa shambani, kwenye mstari unaotenganisha mahindi ya mbolea na mahindi yasiyopata mbolea. Jumanne asubuhi mtoto wa nane wa chini alizikwa, na waombolezaji walipofika makaburini waliikuta imetangulia, imelala kwa urefu kati ya makaburi ya juu na ya chini. Waliivuka kwa kuinua pindo za nguo.

Wanawake wa chini ndio waliogundua kwamba inafaa kwa kufulia. Ukiloweka shati jeupe katika maji ya pembe ile, linatoka likiwa linang'aa kuliko kwa buluu ya dukani. Baada ya hapo hakuna aliyeizungumzia sana. Watoto wa bondeni walikwenda shule na mashati meupe kupita kiasi, wale walioweza kutembea.

Jumapili hiyo hiyo, baada ya mkutano, Mwenyekiti alikuwa amemwita Yahaya nyumbani kwake. Kulikuwa na wali na nyama ya mbuzi, na fomu ya ripoti iliyokuwa imeshajazwa mistari yote isipokuwa ule wa mwisho.

"Kula kwanza," alisema. "Sabasaba anakuja mgeni kutoka wilayani kufungua tangi rasmi. Kijiji kiko kwenye mashindano. Unajua tunashindania nini?"

"Cheti."

"Cheti, na mashine ya kusaga. Mashine itasaga ya juu na ya chini, haichagui. Sasa wewe unataka kunyima watu mashine kwa ajili ya pembe?"

"Ni siku mbili tu za kazi, Mwenyekiti."

"Ni siku mbili na maelezo. Siku mbili ninazo. Maelezo sina. Nikihamisha bomba nitaulizwa kwa nini liliwekwa pale. Nitasema nini? Kwamba tangi lilichorwa kabla ya hawa kuja? Kitabu kinasema walikuwepo katika mipango tangu mwanzo." Alisukuma bakuli. "Baada ya Sabasaba tutaliangalia. Nimeshaongea na mkubwa wako kwa simu ya stesheni. Anasema kuna nafasi ya masomo Dar es Salaam, anatafuta kijana mwenye kauli nzuri."

Yahaya alikula. Nyama ilikuwa laini. Kauli nzuri alikuwa nayo tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kumpa kitu kwa ajili yake.

"Na buluu?" aliuliza. "Mgeni ataiona."

Hilo Mwenyekiti alikuwa amelimaliza. Jumatano asubuhi yalifika madebe sita ya rangi ya mafuta, na kufikia Ijumaa tangi lote kwa ndani, kuta na sakafu, lilikuwa limepakwa buluu. Limbu ndiye aliyepaka. Alipofika pembe ya chini alipaka mpaka kwenye mpaka, akashuka, akaosha brashi. "Hapa pana rangi yake tayari," alisema.

Mgeni alifika Sabasaba saa nne, kwa Land Rover, na vumbi lake. Wa juu waliimba, wa chini wakaimba. Mgeni alipanda ngazi, akachungulia tangini.

"Rangi ya mbingu," alisema.

"Tulitaka wananchi wakinywa wakumbuke uhuru," alijibu Mwenyekiti.

"Na mtaalamu wetu anasemaje? Yamechanganyika?"

Watu walimgeukia Yahaya. Fomu ilikuwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, na kidau cha wino pembeni, kwa ajili ya wale wasiojua kuandika. Batuli alikuwa safu ya mbele ya watu wa lori. Hakumtolea macho, hakunyoosha kidole. Alikuwa anamtingisha Selemani taratibu, huku na huku, kama mtu aliyekwisha kuambiwa jibu.

Yahaya aliandika kwenye mstari wa mwisho: *Maji yamechanganyika kwa kiwango cha kuridhisha.* Akatia sahihi kwa kalamu. Mikono yake haikufika kwenye kidau, watu wote waliona. Lakini alipoiweka kalamu, kidole gumba chake cha kulia kilikuwa buluu mpaka kwenye kifundo.

Mgeni alikiona, akampa mkono wa kushoto. Makofi yakapigwa.

Paskazia alimwita zahanati, akakisugua kile kidole kwa sabuni, kwa spiriti, kwa ndimu. Yahaya mwenyewe alijua kwamba ndimu hufuta buluu ya iodini, aliwahi kupata alama nzuri kwa jibu hilo. Haikufutika.

"Kinauma?" aliuliza Paskazia.

"Hakiumi."

"Basi si ugonjwa," alisema, akarudi kuandika barua yake.

Treni ya kurudi ilichelewa saa sita. Yahaya alikaa stesheni na mkono mfukoni.

Tuungane ilipata cheti, na mashine ya kusaga ikaja mwaka uliofuata. Iko juu. Bomba la chini bado liko pembeni. Tangi limeezekwa kwa bati, kwa hiyo hakuna anayechungulia tena, na foleni ya sukari imekwisha kuzoea kuacha upana wa mlango katikati bila kuambiwa. Mgeni akiuliza, wenyeji husema ile ni Buluu, kama unavyosema yule ni Fulani.

Habari hii inasimuliwa mara nyingi kwenye benchi la kahawa pale Kanyenye, alasiri, mkabala na studio ya Mzee Velji. Anayeisimulia anaisimulia vizuri, anaigiza sauti ya Mwenyekiti na mwendo wa Limbu, na watu hucheka mpaka kahawa inawapalia. Yeye mwenyewe pia anaitwa Yahaya, ila huwahi kueleza kwamba yule wa Tuungane ni wajina wake tu, mtu asiyejiamini, alihamishiwa Mpanda, au Urambo. Masomo ya Dar es Salaam alipewa mtu mwingine. Wazee wa benchi wana lawama moja tu juu yake, kwamba kijana wa Kiislamu, aliyelelewa vizuri, anashikaje kikombe kwa mkono wa kushoto.

Juma lililopita masimulizi yake yalikuwa yamefika pale pa mgeni na rangi ya mbingu, watu wamekwisha kuanza kucheka, alipopita mwanamke akitokea upande wa hospitali ya Kitete kuelekea stesheni. Alikuwa na kikapu kimoja. Begani alikuwa na mbeleko ya maua mekundu, imefuliwa, imekunjwa mara nne. Mgongoni hapakuwa na kitu. Alisimama akasikiliza mpaka pale pa makofi.

"Shikamooni, wazee," alisema.

"Marahaba, mama. Karibu kahawa."

"Nimeshiba." Alimtazama msimulizi kwa muda, bila hasira, kama unavyotazama saa ya stesheni. "Umeisimulia vizuri. Sasa toa mkono mfukoni, Yahaya."

Kicheko kilikatika. Ng'ambo ya barabara Mzee Velji alisimama mlangoni mwa studio na picha mbichi mkononi. Muuza kahawa alijaza kikombe kingine, akakinyoosha upande wa kulia wa kijana, akangoja.